Usingizi wa Mzee Saburi

Raudha alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji huko Marui, Kisarawe. Kazi aliyoizoea ni kupima watoto uzito na kuwahimiza wajawazito waende kliniki. Alipoteuliwa kwenda Kibaha kwa mafunzo ya siku tano ya tiba shufaa, yaani kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi, alikubali bila kujua hasa anakubali nini.

Siku ya nne wanafunzi walipelekwa majumbani kwa wagonjwa. Yeye na mwalimu wake, muuguzi Stellamaris, walikwenda Soga kwa Mzee Saburi, mkulima mwenye saratani iliyokwishaingia kwenye mifupa. Walimkuta amelalia ubavu, ameng'ang'ania ukingo wa kitanda.

"Shikamoo babu. Utapona tu," Raudha akasema, kwa kukosa la kusema.

Mzee akafumbua macho. "Nani kakwambia?"

Raudha akaona haya.

"Hakuna aliyeniambia. Nisamehe, babu. Unaumwa wapi?"

"Nyonga na mgongo. Maumivu hayaniachi."

Raudha akaomba kuiona dawa. Bi Biasha, mke wa mzee, akaitoa chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, chini ya nguo sandukuni. Walikuwa wamepewa wiki mbili nyuma, nayo ilikuwa imepungua kidogo tu. Lawama zilimfika Raudha mdomoni, akazimeza. Akaketi mkekani karibu na yule mama.

"Bibi, ukimpa hii unaogopa nini?"

"Nilimpa mara mbili. Akalala mno. Namwita, haitiki upesi. Nikasema nimemuua mume wangu kwa mkono wangu. Tangu hapo nampa panadoli."

"Kabla ya hapo alikuwa halali tangu lini?"

"Tangu Rajabu."

"Basi ule ulikuwa uchovu, bibi. Maumivu yalipopungua, mwili ukapumzika."

"Kwa kipimo alichoandika daktari, haitamuua," Stellamaris akaongeza.

"Mpe sasa," Raudha akasema. "Mimi siondoki mpaka aamke."

Biasha akapima dawa. Mzee akanywa. Baada ya nusu saa hivi vidole vyake viliachia kitanda, akasinzia. Stellamaris alikwenda kumwona mgonjwa mwingine. Wale wawili wakabaki. Kila mara Biasha aliweka kiganja kifuani mwa mumewe, naye Raudha akahesabu pumzi pamoja naye. Katikati wakaongea habari za mihogo, na za mtoto wao Maulidi aliyehamia Mlandizi.

Adhana ya adhuhuri ilipomalizika, mzee akajigeuza mwenyewe.

"Biasha, kuna uji?"

Biasha akacheka huku akijifuta machozi kwa khanga. Mzee akanywa nusu kikombe, kisha akamtazama Raudha.

"Sitapona, siyo?"

"Hutapona, babu. Ila maumivu tutayapunguza."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi mwiteni Maulidi. Nina ya kumwambia, na sasa naweza kukaa nikaongea."

Mzee Saburi aliishi wiki saba zaidi. Biasha alimpigia Raudha simu Marui siku ya tatu baada ya maziko. Alisema Maulidi alikuwa akija kila Ijumaa, baba na mwana wakizungumza mpaka alasiri.

Kesho yake Raudha alibisha hodi kwenye nyumba moja ya kijijini kwao. Mle ndani mlikuwa na mama mgonjwa, na kwa miezi mingi Raudha alikuwa akiipita nyumba hiyo kwa kutojua aseme nini.