Usiniulize Tena

Mtaani walimwita Bwana Sawa, na jina lenyewe alilipokea kwa neno hilohilo. Mteja akitaka suruali ya kesho, sawa. Mwingine akitaka gauni lake liitangulie suruali hiyo, sawa pia. Kisha fundi wa watu alizima simu, akajiinamia kwenye cherehani mpaka mgongo ukamgomea. Hakuwa mwongo wa kukaa na kupanga uongo. Alichoshindwa ni kuutazama uso wa mtu ukinyong'onyea mbele yake, na dawa pekee aliyoijua ni kukubali haraka kabla uso haujafika huko.

Kompyuta ilipoingia kwenye karakana yake ya sare za shule, ilipata mtu wake. Hakuna kitu duniani kinachopenda kuuliza kama kompyuta. Ukifungua ukurasa kutazama vifungo vya mashati, unaulizwa kwanza kama unakubali vidakuzi. Alikubali. Hakujua vidakuzi ni kitu gani, ila aliona wameomba kwa adabu. Ungependa kupokea arifa? Sawa. Tukujulishe hali ya hewa? Sawa. Ndiyo maana kila alipokaa kutafuta kitambaa, pembeni mwa kioo kilichomoza kijisanduku cha kumwonya juu ya theluji katika mji ambao hata kuutamka hawezi, na nyuma yake kingine cha muuza matrekta aliyemwita rafiki. Mkewe alimwambia azifute hizo takataka. Alisema sawa.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye feni moja ukutani, meza ya kukatia katikati, vyerehani vimejipanga upande wa dirisha, na kompyuta imekaa karibu na mlango, mahali penye upepo. Wakubwa wa hapo, ukimtoa yeye, walikuwa wawili. Mkewe alikata vitambaa na kuzungumza na wateja. Dada yake mkubwa alisimamia ushonaji, na hakuna kola iliyotoka mlangoni bila kupita chini ya dole gumba lake. Wawili hao hawakuwahi kutukanana. Waliitana wifi kwa sauti laini kabisa, ile laini ambayo ukiisikia unatafuta pa kupitia.

Kompyuta moja waliigawana kama watu wanaogawana jiko. Mke alichagua kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, chenye alama ya jani, kwa sababu kinafunguka upesi. Dada akachagua chenye alama ya nyota, kwa sababu kinaonyesha maandishi makubwa, na labda kwa sababu hakikuwa cha jani. Kilikuwepo na cha tatu, kilichokuja na mashine yenyewe, chenye alama ya mlango wa kijivu, ambacho hakuna aliyekigusa.

Tabu ni kwamba vivinjari navyo vina wivu. Asubuhi mke akifungua jani, kitu cha kwanza kuulizwa ni kama angependa jani liwe kivinjari kikuu cha mashine hii. Anabonyeza ndiyo. Mchana dada akifungua nyota, nyota inanung'unika kwamba imeondolewa kwenye cheo chake, je, irudishwe? Irudishwe. Kesho yake mke anabonyeza barua ya mteja, barua inafunguka kwenye nyota, inadai neno la siri asilolijua yeye.

"Nani anachezea hii kompyuta?" mke aliuliza siku moja, mkasi mkononi.

"Mambo ya mashine hayo," Bwana Sawa akasema. "Inajibadilisha yenyewe."

"Mashine ya wapi inayojibadilisha ikisikia harufu ya chai?" Saa ya chai ndiyo ilikuwa zamu ya dada kwenye kompyuta. Mke akamwekea mumewe kikombe mbele. "Sukari nikuongeze?"

"Sawa," akasema, akainywa chai tamu kama sharubati, huku uso umemkunjamana kidogo tu.

Basi, likaja suala la macho. Daktari alimchungulia, akamwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba akishapasuliwa atakaa nyumbani wiki kadhaa bila kushika sindano wala kutazama kioo. Maana yake karakana ilihitaji msimamizi, tena msimu wa sare ndio huo unabisha hodi.

Siku hiyohiyo dada yake alimkuta amekaa kwenye kigoda, macho yamejaa dawa. Huyu ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, akampakata mbele ya cherehani na kumfundisha kuzungusha gurudumu kabla miguu yake haijafika kwenye kanyagio. Alimuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kujibiwa.

"Mdogo wangu, nikushikie karakana?"

Angewezaje kukataa? "Sawa, dada. Wewe ndiye."

Jioni, mkewe akiwa anakunja vitambaa, aliuliza swali lilelile, ila yeye hakuogopa jibu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Shule zote walizokuwa wakizishonea, yeye ndiye aliyezifuata kwa miguu yake, jua na mvua. "Mimi ndiye nitakayesimamia, siyo?"

"Sawa, mke wangu. Nani mwingine?"

Akalala usingizi mzuri. Alijiambia kwamba patapatikana njia, kama kawaida yake, na njia anayoisema ni hii: watu wachoke kuuliza.

Mwalimu mkuu wa shule kubwa kuliko zote walizowahi kuzipata hakuchoka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na sare zake zilitosha kuiweka karakana hai mpaka msimu mwingine. Bila yeye, washonaji wa upande wa dirisha wangerudishwa makwao. Aliandika kwamba amesikia fundi anakwenda kupasuliwa macho. Asingekabidhi kazi kwa watu asiowajua. Alitaka kikao cha video, aione sampuli, na azungumze na huyo atakayesimamia. Akaambatanisha kiungo cha kubonyeza.

Barua aliisoma mke kwanza. Asubuhi ya kikao aliwahi, akafungua jani, swali la cheo akaliruka kwa haraka, akaingia kwenye kikao kabla ya watu. Palipodai jina la mhusika akaandika Msimamizi Mkuu. Kamera akaizima ili asionekane anasubiri kwa hamu, akalishusha dirisha la jani chini ya kioo, akaenda kupiga pasi sampuli.

Huku nyuma dada akaja na shati la mfano begani. Naye barua alikuwa ameisoma. Alibonyeza kiungo, na kwa kuwa jana jioni nyota ndiyo iliyokuwa imerudishiwa cheo, kikao kikafunguka kwenye nyota. Palipodai jina akaandika Msimamizi Mkuu. Kamera akaiwasha. Akamwita mdogo wake aketi katikati kama mwenye mali, naye akakaa ubavuni pake.

Mwalimu mkuu alijitokeza kiooni, miwani puani. "Habari za asubuhi," alisema, na habari za asubuhi zikamrudia mara mbili kutoka ndani ya kompyuta ileile, moja nyuma ya nyingine, mpaka akashika sikio.

"Mtandao huo," Bwana Sawa akawahi.

"Si mtandao. Hapa naona Msimamizi Mkuu wawili. Mmoja ana sura, mwingine hana. Mko wangapi?"

Mke alisikia kutoka kwenye pasi. Akaja na sampuli imening'inia kwenye kiango cha nguo, akasimama nyuma ya kiti. Akakitazama kioo, akamtazama wifi yake, kisha kisogo cha mumewe.

"Na huyu mama ni nani?" mwalimu mkuu akauliza.

"Msimamizi mkuu," mke akasema.

"Na huyu aliyekaa ubavuni kwa fundi?"

"Msimamizi mkuu," akasema dada.

Washonaji wa dirishani walitoa miguu kwenye kanyagio ili wasipitwe na neno.

"Fundi," mwalimu mkuu alisema, "nina watoto wengi wa kuvalisha na muda sina. Wewe ukiwa umefungwa macho, nani anashika kazi yangu? Niambie mmoja. La sivyo natafuta mahali pengine leo hii."

Bwana Sawa aliuona uso wa dada yake ukingoja. Wa mkewe hakuuona, lakini aliuhisi kisogoni kama pasi iliyosogezwa karibu. Maisha yake yote alikuwa ameikwepa saa hii, na sasa imemkamata ameketi mbele ya kamera.

"Sawa, mwalimu," akasema.

"Sawa nini?"

Hapo ndipo akili, ambayo siku zote ilimtafutia kichochoro, ilipomletea kichochoro cha mwisho. Aliwahi kuona wateja kwenye video wakikwama ghafla, mdomo wazi, picha haiendi wala hairudi, na hakuna aliyewalaumu. Basi naye akakwama. Alibaki mkono mmoja hewani, mdomo nusu wazi, jicho halipepesi. Aliganda kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mwalimu mkuu alimtazama. Akasogea karibu na kioo chake, akavua miwani, akaivaa tena.

"Fundi," alisema taratibu, "feni nyuma yako inazunguka."

Bwana Sawa hakutikisika.

"Na huyo mama nyuma yako ametikisa kichwa sasa hivi."

Kijisanduku kikachomoza pembeni kumwarifu kwamba theluji imeongezeka. Mshonaji mmoja dirishani akashindwa, akacheka puani, na kicheko kikakimbia chumba kizima kabla ya mtu kukizuia. Waliobaki bila kucheka ni watatu tu, wawili kati yao wakitazamana.

"Wifi," mke akasema, "wewe alikuambia lini?"

"Siku aliyotoka kupima macho. Amekaa pale kwenye kigoda."

"Mimi jioni yake. Nakunja vitambaa vyako vya buluu."

"Akasema nini?"

"'Nani mwingine?'"

Ilimuuma dada, na hakuficha. "Mimi aliniambia, 'Wewe ndiye,'" alisema. Aliunyoosha mkono polepole, akaushusha mkono wa mdogo wake uliokuwa bado hewani, kama unavyomshusha mtoto aliyesinzia vibaya. "Sogea huko," akamwambia.

Akasogea. Mke akaburuta kigoda, akakaa pale alipokuwa mumewe. Alilifunga dirisha la jani na mwangwi ukakoma. Kisha wakazungumza na mwalimu mkuu, na Bwana Sawa, akiwa bado hajui kama ameruhusiwa kukwamuka, aliyasikia mambo aliyoyakwepa siku zote yakimalizwa kabla pasi haijapoa. Shati likageuzwa ndani nje, mishono ikaonyeshwa. Mke akataja lini mzigo wa kwanza utafika. Dada akasema apewe muda zaidi kwenye kola, mke akampa bila ubishi.

"Mimi nataka mtu mmoja wa kumpigia simu," mwalimu mkuu alisisitiza.

"Mpigie wifi," mke akasema. "Mimi na simu hatuelewani, ninapayuka."

"Ila ukitaka kujua mzigo uko wapi, nitamuuliza yeye," dada akasema. "Nisije nikakudanganya."

Mwalimu mkuu aliwatazama wote wawili, akaandika kitu. "Kazi ni yenu," alisema. "Na mumwambie fundi mtandao umerudi."

Kioo kikawa cheusi. Washonaji wakarudi kwenye kanyagio upesi upesi, kila mmoja amejifanya hamnazo. Bwana Sawa alikohoa. Aliona ni wakati mzuri wa kusema kitu cha kiume, na kilichokuja ni hiki: "Mmeona? Nilijua mtaelewana."

Hawakumjibu. Hata kumtazama hawakumtazama, na hilo lilimwogopesha kuliko kelele ambazo angezipata.

"Hii kompyuta nayo tuitengeneze," mke alisema. "Neno langu la siri liko huku, lako kule. Tutapotezana na mteja mwingine."

"Twende kwenye jani basi," dada akasema. "Linafunguka upesi."

"Maandishi madogo, macho yatakuuma. Twende kwenye nyota."

"Nyota inanuna sana," dada akasema, na kwa mara ya kwanza katika karakana ile wakacheka kitu kimoja. Kidole chake kikaenda kwenye ule mlango wa kijivu. "Hiki je? Hakijawahi kumkosea mtu."

Kikafunguka polepole, kama mtu aliyeamshwa. Walikuza maandishi. Waliziondoa arifa, theluji ikaenda na muuza matrekta akaenda. Vidakuzi wakavisoma, wakakubali vingine na vingine wakavikataa, na Bwana Sawa alishangaa kwamba kukataa nako kulikuwa na kitufe chake, tena kikubwa tu, na kwamba kukibonyeza hakukumwangusha mtu. Hatimaye likatokea lile swali la kila siku. Mke akalisoma kwa sauti.

"Kinauliza: ungependa niwe kivinjari chako kikuu?"

Kwa mazoea, wote wawili waligeuza shingo kumtazama yeye. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, tayari, laini, kama alivyolizoea. Alifungua mdomo.

"Bonyeza ndiyo," dada alimwambia wifi yake, shingo imesharudi kwenye kioo. "Na hapo chini, hicho kisanduku kidogo, kitie tiki."

"Hiki? Usiniulize tena?"

"Hichohicho."

Tiki ikaingia. Mdomo wa Bwana Sawa ulibaki wazi kidogo, na safari hii hakuwa anaigiza. Alikaa pembeni ya meza ya kukatia huku wanawake wakipanga nani atampeleka hospitali, nani atakesha naye siku ya kwanza, na mlango wa nyuma ufungwe na nani. Alingoja waulize anaonaje. Wakapita kwenye jambo linalofuata.

Saa ya chai ilipofika, mke alimwekea kikombe mbele yake, akaenda zake bila kusema sukari wala nini. Alidhani ni adhabu. Akanyanyua, akanywa funda moja, akasita. Haikuwa na hata chembe ya sukari. Ilikuwa kali, nyeusi, ile chai ambayo hakuwa ameinywa tangu alipoondoka kwa dada yake kwenda kuoa, na ambayo alikuwa akiitamani miaka yote ya ndoa yake, wala hakuna aliyelijua hilo ila dada yake.

Aliinua macho yake mabovu. Kule kwenye kompyuta wale wawili walikuwa wamegusana mabega, wakinong'ona, na hakuna aliyegeuka kumuuliza kama imemfaa.