Kompyuta Iliyoitwa Dina

Siku alipozipa kompyuta majina, Severina hakuogopa chochote. Alikuwa na furaha tu, ile furaha ya mtu aliyejifunza jambo ukubwani na anajua limemgharimu nini.

Alikuwa amejifunzia Masasi. Kila msimu wa korosho ulipokwisha alishuka kutoka Kitangari akakaa kwa kaka yake, na jioni alikwenda darasani kwa Mwalimu Shadrack, mtu wa Mbeya aliyefundisha sekondari mchana na watu wazima jioni. Shadrack wimbo wake ulikuwa mmoja, Linux. Aliwaambia kwamba ule mfumo unaoiwezesha kompyuta kuwaka na kufanya kazi si lazima ununuliwe, wala si lazima uibwe. Upo ulio huru. Umetengenezwa na watu wengi wa dunia, kila mmoja akatoa kipande chake, na yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma, kuunakili na kumpa jirani. Severina, ambaye alisali hata kabla ya kugusa kibodi, aliyapokea maneno yale kama mtu anayesomewa Injili. Akamwahidi Mungu kwamba habari hiyo ataipandisha kwao.

Parokia ilipopewa kompyuta kuukuu zilizokuwa zikitupwa na ofisi moja, alimwomba padri chumba cha mikutano, akaziwekea Linux moja baada ya nyingine kwa flashi aliyopewa na mwalimu wake. Kila moja ilifika mahali ikamwuliza: kompyuta hii inaitwaje? Zile za Shadrack zilikuwa na majina ya mito, Rufiji, Kagera, Ruvuma. Severina akafikiri, huku juu mito hatuna, maji yenyewe tunayafuata mbali, lakini watoto tunao. Akaandika majina ya watoto wa majirani waliokuwa wakicheza nje ya dirisha: Lois, Pancras, Anthony, Dina. Tangu hapo kila kompyuta ilipowaka, jina lake lilitokea juu ya kioo, na akina mama waliokuja kujifunza walitaniana kwamba leo mimi nakaa kwa Anthony, wewe nenda kwa Lois.

Hawakuwa wengi. Wengine walibaki majumbani wakiuliza swali moja: kama ni cha bure, anayekitoa anakula nini? Palikuwa na minong'ono ya Frimasoni, watu wanaosemekana kugawa vitu vizuri ili baadaye wadai roho. Severina alizoea kuwajibu baada ya ibada, amesimama mlangoni na Biblia mkononi.

"Hakuna kilichofichwa," alisema. "Ukitaka, unafungua unaona."

Kisha Dina akaugua.

Alikuwa binti mdogo wa Dastani na Justa, wa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Asubuhi aliamka na homa, mchana akashikwa na degedege, na jua halijazama kituo cha afya kikawaambia wampeleke hospitali ya wilaya, Newala. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Daktari akasema damu imepungua mno, mtoto aongezewe upesi. Maneno hayo yalifika Kitangari kabla ya mtu yeyote kurudi. Na watu wakaulizana: imepungua, sawa, lakini imekwenda wapi?

Severina aliyasikia asubuhi iliyofuata kwenye foleni ya maji. Aliona ndoo zikisogezwa, akadhani wanampisha. Walikuwa wakikaa mbali naye. Shakila pekee, mmoja wa wanafunzi wake, ndiye aliyemkaribia, macho chini. Alisema yeye hakuwa na nia mbaya. Alimwambia tu mama mkwe wake kwamba kompyuta anayojifunzia inaitwa Dina. Mama mkwe akamwambia mwingine.

Severina akashika ukingo wa kisima.

Alipotoka unyagoni, miaka mingi iliyopita, aliliacha jina lake la utotoni huko huko, na hadi leo, bibi mwenye wajukuu, hakuna aliyethubutu kumwita kwalo. Alijua kabisa jina ni nini kwa watu wake. Na bado alikuwa amechukua majina ya watoto wa wenzake, bila kuwauliza mama zao, akayaingiza ndani ya mashine ambayo hapa hakuna aliyejua imetoka kwa nani. Furaha ilikuwa imempofusha. Alirudi nyumbani na ndoo nusu, akisali, lakini sala haikwenda mbali na kinywa.

Alasiri alikwenda darasani kama kawaida, akaziwasha kompyuta, akangoja. Hakuja mwanafunzi hata mmoja. Aliyekuja ni Dastani, aliyeitwa na mama yake kwa simu tangu asubuhi, ameshuka kwenye bodaboda iliyomharibikia njiani kutoka Newala, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope, na nyuma yake watu. Mbele ya watu hao alikuwa Dominika, mama yake Dastani, amejifunga khanga kiunoni. Severina alimwamkia shikamoo. Mama yule hakuitikia. Na Dastani, ambaye tangu utoto wake hakuwahi kumpita Severina bila kumwamkia, naye hakumwamkia. Alikuwa akitazama kile kioo chenye jina.

"Mama Nikolao," alisema taratibu, akimwita Severina kwa jina la mwanawe, "mtoe mwanangu humo."

Severina alianza kueleza. Alisema ni jina tu, baba, kama jina la duka au la basi, mashine haimjui mtoto. Dastani alimsubiri amalize.

"Sijakuuliza ni nini. Nimesema mtoe."

Gervas, kijana wa mashine ya kusaga, alikuwa amekuja na mpini wa jembe. Alisema maneno ya nini, ivunjwe tu tumalize. Akapiga hatua. Hapo Dominika akaruka katikati, mikono ameitandaza mbele ya ile meza.

"Na mjukuu wangu aliyemo?" aliuliza. "Ukiivunja naye akiwa humo ndani?"

Gervas akarudi nyuma, mpini ukashuka. Tangu dakika ile hakuna aliyethubutu kuigusa, hata waya wake. Walisimama kuizunguka kama wanavyosimama watu kuzunguka kitanda cha mgonjwa mahututi.

Severina sasa alijua jambo moja la kutisha kuliko mpini. Hakujua namna ya kulitoa jina. Alifundishwa kuuweka mfumo, na kuandika jina mara ile inapoulizwa. Kulibadilisha baadaye hakuwahi. Alimpigia Shadrack, akaambiwa hapatikani. Akapiga tena. Jasho lilimtoka mgongoni, na watu walimtazama vidole.

Umeme ukakatika.

Vioo vyote vikazimika kwa pamoja. Jina la Dina likatoweka mbele ya macho yao, pakabaki weusi na sauti ya feni ikififia, ikififia, ikanyamaza.  Kisha Dominika akakaa chini, palepale sakafuni, akamwita Mungu kwa Kimakonde, kwa sauti ya mtoto, "Nnungu wangu, amekwenda." Nje mwanamke mmoja akaanza kulia. Dastani alikuwa ameshika simu yake, lakini hakupiga. Severina alielewa kwa nini hapigi. Yeye mwenyewe asingethubutu kupiga.

Alipiga magoti. Hakujali tena nani anamwona. Hakuomba umeme. Aliomba mtoto asife, kisha, kwa aibu, akaomba na yeye asiuawe.

Umeme ulirudi vivuli vya mikorosho vilipokuwa vimefika mlangoni. Severina akabonyeza kitufe. Kompyuta ilikohoa, ikawaka, lakini jina halikutokea. Badala yake herufi nyeupe zilianza kutiririka upesi upesi, mistari juu ya mistari.

"Inasema nini?" Dastani aliuliza.

"Ilizimika vibaya. Inajikagua."

"Inajikagua au inamkagua?"

 Wakangoja. Mistari ikasimama, kioo kikawa cheusi, kisha polepole jina likarudi mahali pake. Watu wakashusha pumzi, na Severina akasikia uchungu kwamba hata yeye ameshusha.

Simu yake ikaita. Shadrack alikuwa ameona alitafutwa. Aliposikia anachoulizwa alicheka, kisha akasikia kilio cha Dominika kikipita kwenye simu, kicheko kikamkauka. Akamwuliza kama yuko salama. Severina akasema, mwalimu, nitajie tu. Shadrack akamtajia herufi moja moja, naye akaandika, akizisoma kwa sauti ili kila mtu asikie. Mashine ikamtaka neno la siri. Akaanza kuliandika.

"Mbona vidole vinakwenda na kioo hakionyeshi kitu?" Gervas aliuliza.

"Ni neno la siri, mwanangu. Halionekani likiandikwa."

"Si ulisema hakuna kilichofichwa?"

 Severina akaondoa mikono kwenye kibodi, akawageukia.

"Neno lenyewe ni rehema," alisema. "Hilo ndilo ninaloandika. Sasa mnalijua wote."

Akaliandika. Mashine ikakubali. Kilichobaki kilikuwa jina jipya, na Shadrack kwenye simu alisema weka lolote, weka hata namba. Lakini Dominika alikuwa ameinuka, akauliza kwa Kimakonde ni nani anaingia sasa badala ya mtoto. Wanawake waliokuwa na watoto wao wakawavuta nyuma. Mmoja akamziba wake mdomo, asije akajitaja. Severina akasema ataweka namba.

"Namba inahesabu watu," alisema mtu nyuma, na wengine wakaguna.

Wakamtazama. Ndipo alipoona kwamba kuna jina moja tu awezalo kuandika bila kumwibia mtu. Akaanza. S. E. V. Alikuwa amewaambia watu hawa kwa miezi kwamba humo ndani hamna kitu, na alikuwa ameamini. Lakini kila herufi ilikuwa kana kwamba anajivua nguo hadharani. Kama ni jina tu, alijiuliza, mbona naogopa? Alifika mwisho, kidole kikabaki juu ya kitufe. Bwana, alisema moyoni, mimi ni wako, si wa kitu hiki. Akabonyeza. Akaizima, akaiwasha. Juu ya kioo lilitokea jina lake.

Sasa Dastani alipiga simu Newala, akaiweka spika. Justa alipokea. Alisema mtoto amefumbua macho, ameomba uji, amekunywa.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, baba. Umeondoka tu, damu ikaisha kuingia, akafumbua. Nimekupigia mpaka nimechoka, hupatikani."

Severina alisikia, kwa kuwa alikuwa karibu. Wengine walisikia neno uji tu, maana vigelegele vilikwisha kulipuka. Alipaza sauti kwamba ni tangu asubuhi, kabla hajagusa chochote, kabla hata ya umeme kukatika. Walikuwa wakimkumbatia Dominika. Dastani akamsogelea Severina.

"Mama, acha," alisema. "Waache washukuru."

Siku zilizofuata alifungua mlango kila alasiri, zile zenye majina ya watoto wengine akaziacha zimezimwa, na hakuna aliyeingia. Hakuna aliyemtukana pia. Walimwamkia kutoka ng'ambo ya njia, kwa heshima iliyozidi, wakamtazama anavyotembea, kama ataanguka leo au kesho. Ilikuwa imesemwa kwamba kile kitu kimekubali kubadilishana. Shadrack alimshauri azishushe kompyuta Masasi kwenye watu wanaoelewa. Severina hakuzishusha. Alikuwa ameamka na kichwa kinamgonga. Alikwenda kupima malaria, wakamwambia hana. Angefarijika kama wangemwambia anayo.

Alikuwa ameketi peke yake mbele ya vile vioo, akijishika paji la uso kuona kama lina joto, Justa alipotokea mlangoni, Dina mgongoni.

"Shikamoo, Mama Nikolao."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto?"

"Anakula." Justa hakuvuka kizingiti. "Wanasema umeingia badala yake."

"Nimesikia."

"Unaumwa?"

"Kichwa. Wamepima, hawakuona kitu."

 Justa alisema yeye amewaambia watu kwamba mtoto alifumbua macho asubuhi, mama mkwe wake akamwambia hospitali ilimchanganya akili.

"Lakini hata mimi naogopa," alisema. "Kupita tu hapo njiani naogopa. Siwezi kuishi hivi, pawe na kitu mtu anaweza kumwandika mwanangu ndani yake, na mimi sijui kumfuta. Nionyeshe ulivyofanya."

Severina alivuta kiti. Justa akaingia, akakitazama, na mkono ukaenda nyuma kumshika mtoto. Hakutaka kukaa na kile kioo akiwa amembeba. Akalegeza khanga, akamtoa Dina mgongoni, akasimama naye katikati ya chumba asijue wa kumpa. Hapakuwa na mtu mwingine. Akamweka mapajani mwa Severina, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliye tayari kukimbia.

"Naanzia wapi?"

Severina alimtajia herufi ya kwanza. Kidole cha Justa kilizunguka juu ya kibodi, hakikuiona. Mtoto alikuwa mwepesi mno, na mwenye joto la kawaida, na Severina alikuwa amemshika kwa mikono yote miwili. Akamwonyesha kwa kidevu.