Maandazi kwa Jirani wa Juu

Majira yale ya baridi Torunn alimchukia mtoto wa jirani. Aliishi peke yake katika mji mdogo kaskazini mwa Norwei, nyuma ya mlima unaolizuia jua tangu Novemba hadi mwishoni mwa Februari. Ghorofa ya juu yake aliishi Ylva na mwanawe Sverre, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Kila kishindo kilimwingia Torunn kichwani kama msumari. Mwezi wa Januari, giza asubuhi, giza mchana, akampigia simu Halvdan, mwenye nyumba.

"Ama wao, ama mimi," akasema. "Chagua."

Mkataba wa Ylva ulikuwa ukingoni. Halvdan hakuuongeza. Torunn hakuuliza kilichofuata.

Kisha jua likavuka mlima. Watoto wa shule wakaachiwa watoke kulitazama, wazee wakaketi vizingitini na makoti yao, macho wameyafumba. Mwanga ulipompiga Torunn usoni pale dirishani, kifua kikawa chepesi, akajikuta anaimba. Akapika maandazi ya jua, kama kila nyumba siku hiyo, akayatia jamu. Vishindo vilipoanza juu, akacheka. Kumbe ni mtoto tu, anatembea. Akapanga maandazi kwenye sahani, akapanda ngazi kwenda kubisha mlango ambao hakuwahi kuubisha.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kumejaa maboksi.

"Mnahama?"

"Leo hii. Kaka yangu anakuja na gari."

Simu ile ikamrudia Torunn neno kwa neno. Uso ukamwaka moto.

"Ylva, ni mimi niliyempigia Halvdan."

"Najua, aliniambia." Ylva aliendelea kufunga boksi kwa utepe wa gundi. "Na wewe, usiku ule wa buti, ulidhani ni Sverre?"

"Buti gani?"

"Zangu za theluji. Ulipogonga dari kwa ufagio, nikazivaa, nikatembea humu ndani mpaka nikachoka. Nikasema, atanitambua huyu mama." Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa nalia kila siku, Torunn. Giza lile lilitutia wazimu sote wawili."

Torunn alitaka neno hilo limpe nafuu, lakini halikumpa. Yeye alikuwa na kwake pa kurudi.

"Nitamwambia Halvdan abadili uamuzi."

"Ameshampangisha mtu mwingine. Tunaenda kwa mama, tutabanana hivyo hivyo."

"Nisamehe basi."

"Leo nimemsamehe kila mtu, hata baba yake Sverre," alisema Ylva, akachukua andazi. "Niulize tena mwezi wa kumi na moja."

Torunn hakujua acheke au alie. Akaiweka sahani chini, akabeba kitanda cha mtoto na kushuka nacho. Nje, theluji ilimeta hadi bandarini. Jua likamkalia shingoni, tamu, na aibu ikamzidi kwa sababu utamu ule haukukoma.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akasimama.

"Jirani wa kukusaidia mpaka siku ya kuhama," akamwambia, "siku hizi hapatikani."

Torunn akainamisha kichwa, akaegemeza kitanda ukutani, akarudi juu kuchukua boksi.