Goti la Kusingizia

Mwezi mzima gereji yetu ilikuwa na mada moja tu: klachi. Mume wangu, Kaz, alitaka klachi mpya ya gari lake la kijani, Pontiac ya mwaka sitini na tisa. Rafiki yake Delbert alikuwa akimsaidia kuchagua, yaani alikuwa anakunywa kahawa yangu na kupinga kila kitu. Ile ya zamani ilikuwa imekwisha. Ukikanyaga mafuta, injini inanguruma lakini gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inanifuata mpaka jikoni.

Mimi klachi hazinihusu. Ila nilijua jambo ambalo wale wawili hawakulitaja hata siku moja. Tangu Kaz apasuliwe mgongo majira ya baridi, mguu wake wa kushoto hauna nguvu. Nimemwona akishika suruali kwa mkono na kuuinua mguu ili upande ngazi ya mlango wa nyuma, akidhani nimeinamia vyombo. Na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Akifunga klachi ngumu, gari alilolinunua kabla hajanioa litamshinda. Namjua Kaz. Hatasema mguu umemshinda. Atalifunika turubai na kudai amelichoka, halafu atakaa mbele ya televisheni mpaka siku tutakayomzika. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko ule upasuaji wenyewe.

Delbert alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza: klachi ya mashindano, yenye springi nene na pedeli ambayo kuikanyaga ni kama kusukuma friji kwa mguu mmoja. Yeye mwenyewe amefunga ya aina hiyo kwenye gari lake jekundu, na hakuna mtu katika mji wetu wa Wyandotte ambaye hajaambiwa. Lakini muuzaji wa vipuri, tulipompigia simu, aliuliza gari linatumika wapi. Kaz alipomwambia ukweli, kwamba ni la Jumapili na la matembezi ya magari ya zamani kila Agosti, akamshauri achukue ile yenye springi moja pana ya duara. Alisema inahimili nguvu za injini ile bila taabu, na pedeli yake ni laini. Delbert akacheka, akasema hiyo ni klachi ya kwendea kanisani.

Kaz akawa anapangusa spana ambayo ilikuwa safi tayari. Nikaona anaelekea kukubali ile ngumu kwa aibu tu. Basi nikaweka birika chini, nikaanza kuchechemea.

Nilichechemea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha kukunja, nikaketi, nikasugua goti la kulia, nikaguna. Nadhani niliguna zaidi ya ilivyohitajika.

"Hilo goti limeanza lini?" Kaz akauliza.

"Tangu Pasaka. Sikutaka kukusumbua. Ila kama mnafunga pedeli nzito, mimi gari hilo nimeshaliaga."

Delbert akageuka. "Shemeji, kwani wewe ndiye dereva?"

"Nani alikwambia mimi ni abiria? Nililiendesha gari hili wewe ukiwa bado unaombaomba lifti."

Hakukata tamaa. Akaeleza kwamba zile laini, injini ikizungushwa kwa kasi sana, pedeli hunasa sakafuni isirudi. Nikamuuliza mara ya mwisho yeye kuzungusha injini yake kwa kasi hiyo ilikuwa lini, maana mkewe ameniambia juzi walipitwa na trekta la kukatia majani. Kaz akainamisha uso asionekane akicheka.

Halafu akanitazama. Alinitazama kwa muda, usoni, kisha gotini, kisha usoni tena. "Basi tuchukue laini," akasema. "Kwa ajili ya goti la Bernadine."

Delbert akatikisa kichwa, akajimiminia kahawa nyingine. Nilifurahi mno, nikasahau kuchechemea nikirudi jikoni, ikabidi nianzie katikati ya ua.

Uongo wa goti una kazi. Nilichechemea kanisani, nikachechemea sokoni, na dada mmoja wa kwaya akaniletea maombi pamoja na anwani ya daktari. Kaz akaninunulia mafuta ya kuchua, yale yenye harufu kali. Kila asubuhi ananiuliza goti limeamkaje, uso mkavu kabisa. Nikawa natembea na chupa kwenye mkoba ili ionekane.

Klachi ikafungwa. Ilipofika Jumamosi ile ya Agosti, tulikuwa barabara ya Woodward pamoja na kila mtu mwenye gari la zamani katika nusu ya Michigan. Watu wameketi kando kwenye viti vyao vya kukunja, wanapunga mikono, na hakuna anayekwenda kasi. Unasogea urefu wa gari moja, unasimama, unasogea tena. Klachi chini, klachi juu, mchana kutwa kwenye jua.

Delbert alikuwa mbele yetu. Gari lake jekundu lilikuwa likiruka na kusita kila liliposogea, na haukupita muda akawasha taa ya kukunja kulia, akaingia kwenye maegesho ya mkahawa wa soseji. Tulipompita alikuwa ameketi mlango wazi, miguu nje, anajikanda paja. Akatuambia kwa sauti kwamba amepata njaa ghafla.

Kaz akampungia mkono, akaendelea. Mguu wake ulipanda na kushuka taratibu, sikuuona ukitetemeka hata mara moja. Alikuwa ameweka kiwiko dirishani kama enzi za uchumba wetu. Nikageuza uso kwenye vioo vya maduka, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka aulize.

Foleni ikasimama tena.

"Bernadine," akasema, macho mbele. "Siku ile gerejini ulichechemea mguu wa kulia."

Sikuelewa.

"Klachi iko kushoto, mama."

Miezi mitatu ya kuguna, na maombi ya watu wa kwaya juu yake. Nikatamani kumpiga na mkoba, na nikatamani kumkumbatia, sikufanya lolote kati ya hayo.

"Sasa mbona ulikubali?" nikauliza mwishowe.

Gari la mbele likasogea, akakanyaga, akaingiza gia, tukasogea nalo, tukasimama. Akashusha mkono kutoka kwenye usukani, akauweka juu ya paja lake la kushoto.

"Yale mafuta," akasema. "Tukifika nyumbani, unichue nayo huu mguu. Siku hizi hauna nguvu."

Nikafungua mkoba kuhakikisha chupa ipo. Ilikuwa imejaa.