Matundu ya Kukusudia

...na huyu aliyeandika maelezo haya ya kufuma shali angepungukiwa nini akiandika neno zima? k, halafu yo, halafu k2tog, kama namba za gari, mimi nimefuma masweta ya shule tangu huyu mwanangu akiwa mgongoni na sijawahi kuamrishwa na herufi, "Mama, umenisikia?" ananiuliza, amelala kwenye kochi, miguu juu ya mito kama daktari alivyoagiza, tumbo lake la miezi saba ndiyo meza ya simu anayonisomea, "k ni kitanzi cha kawaida, yo unazungusha uzi juu ya sindano, basi, k2tog unafuma viwili pamoja," nimekusikia, mama, sijawa kiziwi bado... na mkwe wangu amesimama mlangoni, kiganja kimefunika simu yake, seremala yuko upande wa pili anangoja, "Anauliza kitanda cha mtoto akilete leo, amepata gari, au tusubiri kwanza," mwanangu anatazama dari, mkwe anamtazama mwanangu, halafu wote wawili wananitazama mimi, na mimi natazama sindano, nafuma kimoja, nazungusha uzi, viwili pamoja, hivyo hivyo tangu asubuhi na maua hayatokei, shali la kwenye picha lina matundu yaliyopangwa kama majani, langu limebana kama sweta la darasa la kwanza, "Unayaziba, Mama, ukirudi upande wa pili unakiingia kile kitanzi kwa nyuma, kinajisokota, tundu linajifunga," ni kweli, lakini mkono una mazoea yake, maisha yangu yote tundu kwenye sweta ni mzazi karudi nalo kwangu na uso wa hakimu, ni kufumua, ni kuomba radhi, mwanya ukitokea sindano inauwahi kabla sijaamua, na leo eti nitoboe kwa makusudi, nitoboe kisha nifurahi... lakini si mazoea tu, nisijidanganye, sitaki shali hili liishe, naogopa, mwaka juzi niliwahi, sweta jeupe, kofia, soksi ambazo kidole gumba changu kilizijaza, vyote tayari mtoto akiwa bado tumboni, na kitanda nacho kikaja mapema, mkwe akakaza skrubu huku anapiga mluzi, halafu tukarudi kutoka hospitali mikono mitupu, akazilegeza skrubu zile zile, bila mluzi, na jirani akaja kutupa pole, akasema kwa sauti ya huruma kabisa, mlijiandaa mno, mlijiandaa mno, maneno yale nimeyabeba mpaka leo, ndiyo maana safari hii nafuma na kufumua, nafuma na kufumua, najiambia ni macho, najiambia ni vifupisho vya huyu mtu asiyejulikana, namtukana bure mtoto wa watu... "Mama?" mkwe wangu tena, mpole huyu, hata haraka yake ina adabu, "Seremala anasema gari halimngoji," na mimi sipo hapa, nipo kwenye kile chumba cha hospitali, muuguzi kanishika bega, "Mna nguo yake, bibi?" alikuwa mtu wa kwanza kuniita bibi, nikatoa kwenye mkoba sweta, kofia, soksi, na mwanangu akamvalisha mwenyewe, taratibu, akitanguliza mkono mmoja kisha wa pili kama anavyovalishwa mtoto yeyote asiyetakiwa kuamshwa, akafunga kifungo cha juu, akasema, Mama, limemtosha... limemtosha, alisema hivyo, nimekuwa nikiikimbia siku ile kiasi kwamba sijawahi kulisikia neno lile vizuri, hakulia aliposema, alilia baadaye, pale alikuwa karibu atabasamu, kwa sababu mwanawe hakwenda amezungushiwa shuka la hospitali, alikwenda na vazi lake, la kufumiwa yeye na si mwingine, ningengoja kama jirani anavyotaka watu wangoje, angeondoka na nini, mlijiandaa mno, hapana, jirani, tulimpenda katika wakati aliokuwa nao, hakuwa na mwingine... na huyu wa sasa naye yupo, ameisukuma simu ya mama yake hivi punde, nimeiona ikiinama, yupo leo, na bibi yake anamfichia shali... kitanzi kinangoja, sindano imekwenda nyuma tena, mwone huyu, naichomoa, naingia kwa mbele kama nilivyoambiwa, polepole, navuta, na tundu hilo hapo, wazi, nakiona kidole changu upande wa pili, mkono unataka kuliziba nami nauzuia, hofu haijaenda popote, iko pale pale, basi na ikae, kochi ni refu, mkwe bado yuko mlangoni, simu bado imefunikwa, dari bado inatazamwa, "Mwambie alete leo, baba," nasema, na mwanangu anageuza uso, ananiuliza kwa sauti ndogo aliyokuwa akiniulizia mambo ya gizani alipokuwa mtoto, "Mama, una hakika?" na sina, sina hata chembe, "Nisomee mstari unaofuata."