Kibarua Kwenye Risaga

Gody aliingia dukani akicheka, tope la Makoko limemganda viatuni, akatuambia amepata kazi. Luqmani aliacha bisibisi hewani. Mwalimu Rhobi alipiga kigelegele kabla hata ya kuuliza ni kazi gani, maana kijana alikuwa amekaa muda mrefu tangu amalize chuo, na mama yake alishafikia kumwambia bora angesomea ufundi bomba.

"Kazi yenyewe," Gody akasema, "ni hii hii."

"Ipi hii hii?" Luqmani akauliza.

"Hii yetu! Wananilipa nikae niitengeneze hii yetu, kutwa nzima."

Aliendelea kucheka. Akacheka peke yake.

Niseme kwanza hiyo yetu ilikuwa nini, maana hata mimi nilichelewa kuielewa. Shule yangu ni ya kuunga unga: darasa la kwanza Butiama, la pili na la tatu kwa mama mdogo Bunda, la nne sikulimaliza, na mengine nimeyaokota njiani, kwenye maghala ya pamba, kwenye machimbo ya dhahabu, juu ya malori ya watu. Sijawahi kukaa mji mmoja nikauzoea. Kompyuta sikuwa nimeigusa. Lakini sauti nilikuwa nayo, na ndiyo waliyoitaka.

Luqmani ni fundi simu pale mtaa wa Iringo, mjini. Wazee walikuwa wanamletea simu zao, si kwamba zimeharibika, ila awasomee ujumbe. Simu ina sauti yake iliyotoka nayo kiwandani, lakini ukiipa Kizanaki inakitafuna kama mtu aliyekuta kokoto kwenye wali. Ndipo Luqmani akamwita Gody, Gody akaanza kuandika programu ya kusoma ujumbe kwa lugha za nyumbani: Kizanaki, Kijita, Kikurya. Mwalimu Rhobi akawa msimamizi. Hakuna aliyelipwa. Maandishi ya ndani ya hiyo programu hayakufichwa. Yaliwekwa kwenye mtandao wazi, yeyote akayasome, ayachukue, ayarekebishe, na akitaka akuletee alichorekebisha. Wakatokea watu wa Bunda, wa Tarime, hata mmoja wa Brazili ambaye hatukuwahi kumwona sura. Alitutengenezea kitu kimoja kilichokuwa kimetushinda, akaaga, akapotea.

Funguo za kupokea au kukataa marekebisho walikuwa nazo wawili, Luqmani na Rhobi.

Mimi nilikuwa sauti ya Kizanaki. Walinifunika blanketi mbili kwenye stoo ya duka ili bodaboda zisisikike, nikawa nasoma sentensi huku jasho linanichuruzika mpaka kiunoni.

"Mzee Wambura, polepole," Luqmani alikuwa ananiambia. "Unaisomea simu, huswagi mbuzi."

"Mbuzi ana adabu kuliko wewe."

Nilivumilia kwa ajili ya dada yangu Dafroza. Yuko Butiama, presha ya macho imemla macho yote mawili. Binti yake ameolewa Tunduma, na huwa anamwandikia mama yake kwa Kizanaki. Msomaji alikuwa jirani, mama mmoja mwema tu, ila mdomo wake hauna mlango. Ujumbe ukisomwa asubuhi, mchana umeshafika kisimani. Siku mpwa wangu alipoandika kwamba mume amemzaba kofi usoni, kijiji kizima kilikuja kumpa dada pole. Tangu hapo akawa anaandika salamu tupu. Hamjambo, sisi hatujambo, mvua zimenyesha.

Programu ilipokubali, nilimpelekea dada mwenyewe. Nikamwonyesha kwa kidole pa kubonyeza. Baada ya wiki chache nilipopita tena nilimkuta nyuma ya zizi, simu sikioni, anatabasamu kisha anafuta machozi kwa upande wa kanga. Mtoto alikuwa ameanza kuandika.

Nikamuuliza, "Haikusumbui? Sauti ni yangu. Mambo ya wanawake yote nakusomea mimi."

"Wewe una masikio," akasema. "Ile haina."

Sasa turudi dukani. Rhobi alikaa kwenye kiti cha wateja. Akauliza, nani anayelipa? Gody akataja kampuni ya Dar es Salaam inayouza simu. Akauliza, wanataka nini? Gody akasema wanataka programu iende vizuri, basi. Rhobi akasema hakuna kampuni inayotaka jambo halafu basi.

Kampuni ikamtuma mtu. Alikuja dada mmoja anaitwa Yasmin, mchangamfu, kichwani mtandio wa kijani. Tulimlisha sato wa kukaanga kwa mama lishe wa Mwigobero. Alipomaliza kunyonya kichwa cha samaki kama mtu wa ziwani, nikaona huyu anaulizika.

"Binti, kampuni haina shangazi wala mjomba. Kwetu mmefuata nini?"

Akacheka, akanawa mikono.

"Faida, mzee. Nikikwambia upendo utanifukuza." Akajipangusa. "Sisi tunauza simu. Mtu wa Butiama akisikia simu inasema kama anavyosema yeye, ananunua yetu. Tungesema tuanze wenyewe, tungetumia miaka na watu wengi. Ninyi mmeshafika nusu ya safari. Nikimlipa Gody akarabati chenu, changu nacho kinapona. Na yule wa Brazili akirekebisha, nafaidi mimi, mnafaidi ninyi, hakuna aliyeubeba mzigo peke yake."

"Mkituchoka?"

"Tukichoka tunaondoka, maandishi yanabaki yenu. Hatuwezi kuyafungia kabatini, ndiyo maana ya kuwa wazi. Na la mwisho sitawaficha: tunatafuta na watu. Gody tumempatia humu humu, tumeiona kazi yake kabla ya kumwona yeye."

Nilimwelewa. Mtu anayekutajia tamaa yake mapema unajua umfunge wapi kamba.

Rhobi hakumwelewa, au alimwelewa sana. Jumamosi ile tulikaa dukani, mlango umeegeshwa nusu. Waliokuja kutoka Bunda walikaa juu ya maboksi. Gody alisimama karibu na kabati la vioo, mikono mifukoni.

"Kwetu Wakurya kuna risaga," Rhobi akaanza. "Wanaojua wanajua. Shamba lako limekushinda, unapika pombe, unaita majirani. Wanakuja na majembe. Leo kwako, kesho kwangu. Hapo hakuna anayelipwa. Sasa fikirini. Mko kwenye mstari mnalima, mara mnasikia mwenzenu wa pembeni ana mshahara, analipwa na mtu aliyekaa mbali. Hilo jembe utaliinua tena?"

Mtu mmoja akasema, hapana, siinui.

"Mimi sijaacha kulima," Gody akasema. "Nalima zaidi ya zamani, mwalimu. Zamani nilikuwaga nalima na njaa."

"Kwa hiyo sisi ndio wajinga, tunaolima na njaa?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Kibarua hakai kwenye risaga. Akilipwa mmoja, wote waliobaki wamegeuka vibarua wasiolipwa."

Lile neno liliwaingia watu. Niliona wakilitafuna. Na si kwamba alikuwa mbaya, Rhobi. Siku nyingi alilala kwa saa mbili tatu tu kwa ajili ya kazi ile, na alikuwa analinda kitu alichokiona ni kitakatifu. Nikanyoosha mkono. Nikasema tusiwe na haraka, huyu Yasmin ametuambia ukweli. Luqmani akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Lakini mzee, risaga aliyosema mwalimu ni uongo?"

Si uongo. Nikasema si uongo. Nikakaa.

Wakakubaliana kwamba chochote kitakachotoka kwenye mkono unaolipwa na kampuni hakipokelewi. Gody aliwatazama mmoja mmoja, nadhani alikuwa anangoja mtu acheke amwambie ni utani. Kisha akachukua chaja yake kwenye soketi, akaizungushia waya wake taratibu, akasema, "Haya, wakubwa zangu, shikamooni," akatoka.

Nilitembea kwa miguu kurudi Kigera nilikokuwa nimepanga, na nilipofika katikati ya njia jibu likanijia, lote, limenyooka. Ujanani mwangu, upande wa Bunda, tulichimba barabara ya kijiji kwa mikono. Mwenye basi mmoja wa mjini akaja na lori la changarawe na vijana sita aliowalipa mwenyewe. Kila mtu alijua anachotaka: basi lake lipite. Tulimfukuza? Tulimchinjia beberu. Basi likapita, na wajawazito wetu wakapita, na mahindi yetu yakapita. Na hata kwenye risaga yenyewe, nani aliyewahi kuja bure? Unakuja kwa sababu shamba lako nalo linakungoja. Luqmani alikuja kwa ajili ya wateja wake. Rhobi alitaka wanafunzi wake wasikione Kikurya aibu. Mimi nilikuja kwa ajili ya dada. Kila mtu alifika pale na sababu yake mgongoni, na jembe halikuuliza.

Nilisimama barabarani nikageuka nyuma. Giza lilishaingia, duka limefungwa. Nikasema nitawaambia kikao kijacho. Kikao kijacho mimi nilikuwa nimeshapata lifti ya kwenda Sirari, mpakani, miguu ilikuwa inawasha.

Kampuni haikugombana. Ilichukua nakala yake ya programu, kama ilivyoruhusiwa, ikaenda zake na Gody wake. Mwanzo walikuwa na lugha zetu zote. Kisha, nimesikia, mzigo ukawa mzito kuubeba peke yao. Wakabakiza Kiswahili na zile lugha zenye watu wengi. Kizanaki kina wanunuzi wangapi? Gody yuko Dar, ana mtoto, hajapiga simu. Kwetu watu waliendelea kulima mwaka ule, wakapungua. Rhobi alihamishwa shule. Mfumo wa simu ukaja mpya, programu ikakataa kufunguka, na aliyejua pa kuigusa alikuwa ameshachukua chaja yake. Luqmani alijaribu, Mungu amlipe. Maandishi yapo mtandaoni mpaka leo, wazi kabisa. Hakuna anayeyafungua.

Nilimuuliza Luqmani mwaka jana kama anaona tulikosea. Alikuwa amemshikia mzee mmoja simu, anamsomea ujumbe wa benki.

"Mwalimu alisema kweli," akanijibu. "Na yule dada wa kampuni alisema kweli. Nikiwaza hapo nachoka, mzee. Kunywa kahawa."

Mwezi huu nimepita Butiama. Dada amekonda. Jirani msomaji amefariki, na dada hajatafuta mwingine. Ujumbe unaingia, analala na simu chini ya mto. Jioni tulipomaliza kula aliitoa simu, akaipapasa, akanipa.

"Ujumbe umeingia juzi. Nisomee."

Nikavaa miwani. Ulikuwa mrefu, mrefu kuliko wowote niliowahi kuuona. Nikaanza kwa sauti:

"Mama, kwa kuwa siku hizi unajisomea mwenyewe..."

Nikaishusha simu.

"Hujamwambia kwamba programu ilikufa?" nikamuuliza.

Nje ng'ombe walikuwa wanasukumana zizini. Alikaa akielekeza uso ukutani, mikono mapajani, mpaka nikadhani atanidai simu yake.

"Funga mlango kwanza," akasema.

Nikaenda nikaufunga.