Udongo wa Nangara

Jumanne moja saa nne asubuhi, Coletha Theodori alimaliza kumsuka mteja mtindo wa taji, akafunga saluni yake ya Maisaka, akatembea hadi studio ya Jesse karibu na stendi kurekodi wimbo.

Mkoa wa Manyara ulikuwa na umri wa mwaka mmoja. Mambo ya Babati yalikwenda kama yalivyokuwa yakienda tangu uhuru, uliokuja ukawaacha watemi kwenye viti vyao. Serikali ilishughulikia barabara na kodi, na Boma la Mtemi likashughulikia ardhi na burudani. Vijana walivaa fulana zenye sura ya Mtemi Tarmo, wakaulizana "Mambo?" na kujibiana "Kitini," maana yake poa kabisa. Katika kila filamu mtoto wa mtemi alimpenda muuza vitumbua. Na kila wimbo, hata wa kuhimiza chanjo, ulipaswa kulitaja jina la Mtemi mara tatu. Bila hivyo Redio ya Boma haikuupiga, na redio nyingine haikuwepo.

Coletha alikuwa hajawahi kulitaja. Miaka miwili nyuma Boma lilichukua shamba la mama yake, Bernadina, ekari mbili kule Nangara, likajenga ukumbi wa muziki. Bernadina alifika asubuhi akakuta mahindi yamefyekwa yakiwa yametoa mbelewele. Barua aliyopewa ilimtaka ashukuru. Akahamia chumba cha nyuma ya saluni. Coletha alitunga wimbo kuhusu mahindi yale, na kwa kuwa alitaka usikike, alikuwa amekubali kulitaja jina.

"Ukifika kwenye kiitikio, lilete kwa nguvu," Jesse alimwambia.

Coletha aliimba. Alipotamka "Tarmo," udongo ulimdondoka mdomoni, kiasi cha kujaza kiganja.

Jesse alisimamisha kanda, akaipangusa maiki. "Hii haipendi vumbi," alisema. "Geuka upande kidogo, halafu turudie."

Walirudia hadi wakachoka. Maneno mengine yalitoka safi, jina likatoka na udongo. Jesse aliufagia akautia kwenye ndoo, na Coletha akaubeba nyumbani.

Bernadina aliuvunjavunja kwa vidole. Ndani yake mlikuwa na mzizi wa sangari, lile gugu sugu la shambani.

"Huu ni wa kwetu," alisema. "Wa upande ule wa minyaa. Ulinitoa jasho sana huu."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Endelea kumsifu."

Coletha akaendelea. Alimsifu Mtemi akisuka, akifua, akichambua maharage ya makande. Wateja walizoea kuja na mtandio wa kufunika mabega. Jioni fizi zilimuuma, na chochote alichokula kilikuwa na ladha ya mvua ya kwanza. Siku nyingine alilia kwa hasira, kwa kuwa maneno aliyokuwa akiyasema yalimchukiza, lakini hakuacha. Baada ya wiki sita ua wa nyuma ulikuwa umejaa udongo hadi magotini, na Bernadina akapanda maharage.

Boma lilisikia kwamba kuna mwanamke Maisaka anayemsifu Mtemi kutwa nzima, likafurahi, likamwalika kuimba kwenye Tamasha la Mavuno. Kisha sakafu ya ukumbi wa Nangara ikaanza kushuka.

Karani wa Nyimbo, Sosthenes, aliyesoma na Coletha shule ya msingi, alikuja na fundi. Fundi alipima kina cha udongo uani, akatazama karatasi yake ya vipimo vya ukumbi.

"Inalingana," alisema.

Sosthenes alivua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Joyness. Angalia usikanyage maharage."

Alisogeza mguu. "Coletha, Boma linakukataza kulitaja jina la Mtemi kuanzia leo. Kwenye tamasha utaimba, ila jina utaliruka."

"Na wimbo usio na jina unapigwa redioni?"

"Haupigwi."

"Na shamba je?"

"Shamba ni la Boma." Sosthenes aliinamia daftari lake. "Mimi naandika tu, Coletha."

"Basi andika kwamba nimesikia. Usiandike kwamba nimekubali."

Tamasha lilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa Nangara. Malori yalikuwa yameshusha kifusi siku tatu, na sakafu ilikuwa sawa tena. Mtemi Tarmo alikaa safu ya mbele, kwenye kiti chake, akinywa soda.

Coletha aliimba kuhusu mahindi. Alipofika mahali pa jina alinyamaza, kama alivyoamriwa. Watu, kwa mazoea, wakampokea. "Tarmo!" walipiga kelele. Mzee mmoja wa safu ya saba alitema udongo mwekundu kwenye leso, akaikunja akaitia mfukoni. Karibu na mlango mama mmoja aliyebeba mtoto alitema mchanga. Wote wawili walionekana kuwa wameshazoea.

Coletha aliwatazama wale wawili. Halafu akalitaja jina mwenyewe, polepole, mara tatu, akimtazama Mtemi usoni. Udongo ulimwagika jukwaani. Sakafu ikashuka upana wa kiganja, soda ikamwagika, na wanaume wawili wakakisogeza kiti cha Mtemi kushoto, mahali palipokuwa imara. Mtangazaji alimwita mwimbaji anayefuata.

Coletha hakushuka. Bernadina alipanda jukwaani na beseni, akaanza kuzoa udongo kwa mikono. Sosthenes alimfuata.

"Shuka, dada yangu," alinong'ona. "Kesho wataleta malori mengine. Ukumbi hautoki hapa. Kwa mwendo huu utaimba miaka hamsini."

"Najua," Coletha alisema.

Alilivuta beseni karibu na miguu yake, akapangusa midomo, akalitaja tena.